Keria ya Mizigo kwa Baiskeli ya Magurudumu Matatu: Chuma Chakavu Kinavyoweza Kumfikisha Mfanyabiashara Sokoni

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wakazi wenye ulemavu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu, jamaa zao, na mafundi wa jua kali.



Siku ya soko, kabla jua halijachomoza, mfanyabiashara anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono huwa na hesabu moja ambayo wenzake hawana. Mzigo utakaa wapi? Baiskeli hizi hutengenezwa kumbeba mtu. Nyingi hazina mahali pa mizigo. Basi mboga zinawekwa mapajani, gunia la viazi linaning'inizwa kwa kamba nyuma ya kiti, na magongo yanafungwa popote yatakapokaa. Kwenye kona gunia linayumba. Mlimani gurudumu la mbele linateleza. Mwishowe analipwa kijana wa kusukuma, au boda boda wa kubeba mzigo, na faida ya siku inaishia njiani.

Mazungumzo haya yanahusu keria: jinsi ya kuiunda kwa chuma kilichokwisha kutumika, kwa gharama ndogo, bila kumwangusha mwenye baiskeli na bila kumwingiza matatani na sheria. Mfano utakaotumika ni wa mama mmoja muuza viazi na sukuma wiki. Hana jina hapa, kwa kuwa mama wa namna hiyo yumo katika masoko mengi.

Baiskeli hizi tayari zinafanya kazi

Kuna watu wanaodhani kwamba baiskeli ya magurudumu matatu ni ya kumtoa mgonjwa nyumbani hadi barazani. Mpakani Busia na Malaba, watu wenye ulemavu wamevusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli hizi kwa miaka mingi. Huko Goma, kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda, wachuuzi wenye ulemavu wana baiskeli za mikono zilizopanuliwa na mafundi wa mtaani hadi zikaweza kubeba magunia. Hapa nchini, shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka wa 1958, limekuwa likitengeneza viti vya magurudumu na baiskeli za aina hii.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 nayo inagusa jambo hili. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kwa mama wa viazi, baiskeli ilimtoa nyumbani. Keria ndiyo itakayomwezesha kurudi na pesa.

Mzigo ukae wapi

Kabla ya kutafuta chuma, jambo hili lieleweke vizuri, maana ndipo keria nyingi zinapokosewa. Fundi aliyezoea baiskeli ya kawaida huweka keria nyuma kabisa, ndefu na ya juu. Kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kufanya hivyo ni hatari.

Sababu ni mbili. Kwanza, baiskeli nyingi za mkono huvutwa na gurudumu la mbele, kwa kuwa mnyororo unatoka kwenye mikono na kushuka hadi kwenye gurudumu hilohilo. Gurudumu hilo ndilo linaloelekeza njia, na mara nyingi ndilo lenye breki. Pili, mzigo wowote unaokaa nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma huinua upande wa mbele, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Gurudumu la mbele likiwa jepesi, linazunguka bure mlimani, halikati kona inavyotakiwa, na breki yake haishiki vizuri.

Hesabu yake si ngumu. Chukua baiskeli ambayo kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni sentimita 120. Mzigo wa kilo 30 ukikaa sentimita 20 nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linapungukiwa na kilo 5. Mzigo uleule ukisogezwa hadi sentimita 60 nyuma, gurudumu la mbele linapungukiwa na kilo 15. Mwenye baiskeli hakuongeza hata kiazi kimoja, lakini hatari imekuwa mara tatu.

Dawa yake ni kuugawa mzigo. Chini ya kiti, mbele kidogo ya ekseli, kunawekwa sinia la vitu vizito. Nyuma ya kiegemeo cha kiti kunawekwa keria fupi. Kilo 20 zikikaa kwenye sinia, sentimita 30 mbele ya ekseli, zinalirudishia gurudumu la mbele zile kilo 5 zilizopotea. Mizani inakuwa sawa. Vitu vizito vikae chini, vyepesi vikae juu, na hakuna kitakachosogea mbali na ekseli.

Urefu wa mzigo nao una madhara yake. Magurudumu matatu husimama yenyewe, na hilo huwafanya watu wajiamini kupita kiasi. Kwenye kona au kwenye barabara iliyoinama upande mmoja, mzigo uliorundikwa hadi kichwani huipindua baiskeli. Kipimo kizuri ni bega la mwenye baiskeli akiwa ameketi. Mzigo usipite hapo, naye aweze kugeuka na kuona magari yanayomfuata.

Vipimo kwanza, chuma baadaye

Mama wa viazi aende kwa fundi akiwa ameketi kwenye baiskeli yake. Fundi akipima baiskeli tupu, atakosea. Mambo manne yanapimwa.

La kwanza ni upana. Keria isitokeze nje ya magurudumu ya nyuma, la sivyo itagonga milango, vibanda na watu. Mlango wa nyumbani na njia ya kuingia sokoni zipimwe pia.

La pili ni nafasi ya kupanda na kushuka. Kila mtu ana upande wake wa kuhamia kitini. Fundi aoneshwe upande huo, na chuma chochote kisiwekwe hapo.

La tatu ni nafasi kati ya sinia la chini na ardhi. Ibaki angalau sentimita 15, na zaidi ikiwa barabara ya nyumbani ina mawe na mitaro.

La nne ni magongo. Kipande cha bomba la plastiki kilichobaki kwenye ujenzi, kikifungwa wima pembeni mwa keria, ni mahali pazuri pa kuyachomeka. Mwenyewe ayafikie bila kuomba msaada.

Kwa mfano huu, keria ya nyuma yenye upana wa sentimita 55 na kina cha sentimita 35 inatosha. Fremu na miguu minne ya sentimita 30 vinahitaji mita 3 za skwea tyubu ya inchi moja. Sakafu inahitaji vipande vinne vya nondo ya milimita 8. Ukingo wa pande tatu wenye kimo cha sentimita 15, pamoja na vishikizo vyake, unahitaji karibu mita 2 za nondo hiyohiyo. Vipande viwili vya nondo ya milimita 10, vilivyowekwa kwa mshazari kutoka kwenye miguu hadi kwenye fremu, vinaizuia keria kuyumba.

Yote hayo hayafiki kilo 6. Hapo pana jambo la kuangaliwa sana, kwa sababu kila kilo ya keria itapandishwa mlima kwa nguvu za mikono, kwenda na kurudi, hata siku ambayo hakuna mzigo. Mita moja ya skwea tyubu ya inchi moja yenye unene wa milimita moja na nusu ina uzito wa karibu kilo 1.1. Mita moja ya engo ya milimita 40 yenye unene wa milimita 4 ina karibu kilo 2.4. Fremu na miguu pekee zikiundwa kwa engo hiyo, uzito unazidi kilo 7 kabla ya sakafu kuwekwa. Chuma kinene kinapendeza machoni, lakini mabega ndiyo yanayokilipia.

Kununua skrapu bila kununua kesi

Chuma kinachofaa kipo mitaani. Vitanda vya zamani, miguu ya madawati ya shule yaliyokwisha kuuzwa, vyuma vya madirisha yaliyobomolewa, viti vya ofisi vilivyovunjika, na fremu za baiskeli kuukuu vyote vina tyubu nyepesi. Maeneo ya ujenzi huwa na vipande vya nondo vilivyobaki, ambavyo mwenye jengo anaweza kuviuza au kuvitoa bure akiombwa.

Tyubu ichunguzwe kabla ya kulipiwa. Iinuliwe kuelekea kwenye mwanga na kuchunguliwa ndani, kwa sababu kutu huanza kula kutoka ndani. Igongwe kwa nyundo ndogo. Tyubu nzima hulia, na iliyoliwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Penye kutu pasuguliwe kwa ncha ya msumari. Msumari ukizama, kipande hicho kirudishwe kwenye lundo.

Kuna chuma ambacho hakifai hata kikiwa kizuri. Vibao vya alama za barabarani, vyuma vya kingo za barabara, mifuniko ya mitaro, vipande vya minara ya stima na reli ni mali ya umma. Januari 2022, baada ya uharibifu wa minara ya umeme, serikali ya kitaifa ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi Mei mwaka huohuo. Katika miezi hiyo, hata wauzaji waaminifu walifungiwa kazi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015 inamtaka mfanyabiashara wa skrapu awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua.

Kwa hiyo mama wa viazi anunue kwa muuzaji mwenye leseni, aombe risiti, na aihifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kipande cha kibao cha barabarani kilichogeuzwa sakafu ya keria kinaweza kumfanya mwenye baiskeli asimamishwe na kuhojiwa, na huenda kibao hicho ndicho kilichokuwa kikimwonya dereva apunguze mwendo mahali ambapo yeye huvuka kila siku.

Kreti za soda nazo ni mali ya kampuni, na huwekewa amana. Anayetaka kreti ya plastiki atafute iliyouzwa kihalali. Pipa la chuma au la plastiki lililobeba dawa za mimea, asidi au mafuta lisitumike kwa keria ya chakula. Pipa lililobeba mafuta lisichomelewe kamwe, hata likionekana kavu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Kwa fundi wa kuchomelea

Mafundi wengi watataka kuichomelea keria moja kwa moja kwenye fremu ya baiskeli. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi.

"Mama, nikiichomelea hapa hapa haitatikisika hata kidogo."

"Fundi, hii baiskeli nilipewa, na fremu yake ni nyembamba. Ikikatika nitakaa nyumbani. Nitafutie njia ya kuifunga na kuifungua."

"Basi itabidi ununue bolti."

"Bolti nitanunua, mwanangu. Baiskeli nyingine sina pesa za kununua."

Mama huyo ana haki. Moto wa kuchomelea hudhoofisha tyubu nyembamba kandokando ya mshono, na tundu la drili hufanya vivyo hivyo. Fremu ikipasuka hapo, huenda aliyeitoa baiskeli akakataa kuitengeneza. Keria ichomelewe peke yake, pembeni, kisha ifungwe kwenye fremu kwa bolti zenye umbo la herufi U, angalau nne. Kati ya bolti na fremu kuwekwe kipande cha mpira wa tairi kuukuu ili rangi isikwaruzwe na kutu isiingie. Nati ziwe zile za kujikaza zenyewe, au ziwekwe mbili mbili, kwa sababu barabara ya vumbi hulegeza nati ya kawaida.

Fundi naye ana mambo ya kujilinda. Bomba la maji lililopakwa zinki hutoa moshi mweupe likichomelewa, na moshi huo huleta homa na kifua kubana. Zinki iondolewe kwanza kwa tupa mahali pa kuchomelea, kazi ifanyiwe nje, na upepo uupeperushe moshi mbali na uso. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa maji, watoto wakiwa mbali, na vumbi lake lote lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kuchomelea kukiisha, kila ncha isuguliwe hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Mtu asiye na hisia miguuni anaweza kukatwa na ncha ya nondo asijue hadi aone damu, na kidonda hicho huchelewa kupona. Ncha zinazobaki wazi zifunikwe kwa mpira. Halafu ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikifuatiwa na rangi ya kawaida, nyeupe au manjano kwa ajili ya kuonekana.

Kufunga mzigo na kuujaribu

Kamba bora ya mzigo hutupwa kila siku kwenye vibanda vya kuziba pancha. Tyubu ya pikipiki iliyochakaa, ikikatwa vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili, hushika mzigo bila kulegea barabarani. Ncha zake zifungwe vizuri, maana kamba inayoning'inia ikinaswa na spoki husimamisha gurudumu ghafla. Bango la matangazo lililokwisha muda wake, la kitambaa cha plastiki, hukatwa na kuwa kifuniko cha mvua.

Jaribio la kwanza lifanyiwe uwanjani, mahali tambarare, msaidizi akiwa karibu. Mwenye baiskeli aketi bila mzigo. Msaidizi ajaribu kuinua gurudumu la mbele kwa mkono na ahisi uzito wake. Kisha mzigo upakiwe, naye ajaribu tena. Gurudumu likiinuka kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo, mzigo uko nyuma mno. Usogezwe mbele au upunguzwe.

Baada ya hapo apakie nusu ya mzigo anaokusudia na azunguke uwanja. Akate kona polepole kulia na kushoto. Apande mwinuko mdogo, kisha ashuke na ajaribu breki. Breki iliyomsimamisha vizuri akiwa peke yake huenda isitoshe akiwa na kilo 50 zaidi, hivyo mipira ya breki iliyolika ibadilishwe kabla ya siku ya soko. Upepo wa matairi uongezwe bila kuzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama mtengenezaji wa baiskeli ameandika kiwango cha uzito, basi mtu, keria na mzigo kwa pamoja visikizidi.

Viakisi vyekundu viwekwe kwenye pembe zote mbili za nyuma. Baiskeli hizi ziko chini, na dereva wa matatu alfajiri hazioni haraka. Kila wiki nati zikaguliwe kwa spana. Mshono wenye ufa au mstari wa kutu unaovuja kwenye rangi urudishwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Gharama, na mahali pa kuuliza

Skrapu huuzwa kwa kilo. Anayehitaji kilo 6 azidishe kwa bei ya siku hiyo, aulize kwa wauzaji wawili au watatu, kisha aelewane na fundi bei ya kazi nzima kabla ya chuma kukatwa. Vitu vya kununua vipya ni bolti, nati, rangi na viakisi. Kubana pesa hapo ni hasara, kwa sababu vitu hivyo ndivyo vinavyoishika keria na kumlinda mwenyewe. Vikundi vya watu wenye ulemavu vinaweza kuagiza keria kadhaa kwa pamoja ili fundi apunguze bei, ila kila moja ipimwe kwa mwenye baiskeli yake.

Katiba, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na usimamizi wa masoko. Mwanafunzi wa kuchomelea anahitaji kitu halisi cha kujifunzia, na keria ni kazi ya kiasi chake: ina vipimo, ina pembe, na ina mtu atakayeitegemea. Wenye baiskeli waulize katika chuo kilicho karibu nao, mwalimu akikubali kuisimamia na kuikagua kazi. Kuhusu baiskeli yenyewe na vifaa vingine vya usaidizi, pa kuanzia ni kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Soko lenyewe nalo lina sehemu yake. Keria iliyopimwa vizuri haina faida ikiwa lango la soko limezibwa na vibanda au lina ngazi tupu. Wafanyabiashara waache njia wazi, na mahali palipozibwa paelezwe kwa msimamizi wa soko au ofisi ya wadi.

Ndugu wakazi, mama wa viazi akifika sokoni na viazi vyake chini ya kiti, sukuma wiki nyuma yake, na magongo pembeni ya mkono wake, hakuna atakayeshangaa. Atateremsha mzigo, atapanga mafungu, na wateja wataulizia bei kama wanavyomwuliza mwuzaji mwingine yeyote. Jioni atahesabu pesa zake, na zile alizokuwa akimlipa wa kumsukuma atazikuta mkononi.